Muhuri wa Mwenyekiti Si Hukumu: Maswali ya Wasomaji kuhusu Serikali za Mitaa na Mahakama

Barua za safari hii zimetoka mikoa tofauti, lakini nyingi zina jeraha moja. Mtu ana haki yake, ameipeleka kwenye ofisi isiyo na mamlaka nayo, amerudi na karatasi iliyogongwa muhuri, na siku zake za kisheria zinaisha huku ameikumbatia karatasi hiyo. Majibu yetu ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina tawala zake za mikoa, mahakama zake na Mahakama ya Kadhi, ingawa Mahakama ya Rufani ni ya pande zote mbili. Sheria tumezitaja kwa jina na Sura bila namba za vifungu, kwa kuwa Toleo la 2023 la Sheria za Tanzania lililoanza kutumika Julai 2025 limehamisha namba nyingi, na anayenukuu namba za zamani hujichanganya mwenyewe.

SWALI: Jirani amesogeza mpaka na kuingia hatua sita ndani ya shamba tulilorithi kwa marehemu baba. Mwaka 2023 Baraza la Kata lilitusikiliza, likafika shambani na kuandika hukumu kwamba nimeshinda. Jirani amegoma. Mtendaji wa kata anasema hana uwezo wa kumwondoa. Je, niende polisi na hukumu yangu? (Msomaji, Mbozi)

JIBU: Pole sana ndugu yetu. Mtendaji amekueleza ukweli, japo hakukueleza sababu. Zamani Baraza la Kata lilikuwa na uwezo wa kuamua migogoro midogo ya ardhi. Marekebisho ya mwaka 2021 kwenye Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, yaliliondolea uwezo huo. Tangu hapo kazi yake katika ardhi ni moja tu: kusuluhisha. Hiyo karatasi ya 2023 inayoitwa hukumu haina nguvu ya kumwondoa mtu shambani, na polisi hawana la kufanya nayo.

Rudi kwenye baraza lile lile uombe usuluhishi rasmi. Baraza lina siku 30. Mkipatana, mapatano yaandikwe, yasainiwe na pande zote, na yaeleze mpaka kwa alama zinazoonekana, kwa mfano mti, jiwe au njia, siyo "kama ulivyokuwa zamani". Msipopatana, baraza likupe hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita baraza halijafanya lolote, sheria inakuruhusu kusonga mbele; beba barua uliyopeleka, iwe na tarehe na saini ya aliyeipokea. Bila hati hiyo au uthibitisho huo, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza maombi yako. Mashauri mengi huondolewa kwa kasoro hii peke yake, baada ya mtu kulipa ada na nauli za mwaka mzima.

Kuna jambo jingine katika barua yako linalotutia wasiwasi zaidi: shamba ni la marehemu. Kama hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wewe kama mtoto huna uwezo wa kushitaki kwa niaba ya mali ya baba, hata kama kijiji kizima kinajua ni yenu. Jirani akileta pingamizi la awali kwa hoja hiyo, shauri linaishia hapo kabla hata shahidi mmoja hajasema. Kaeni kikao cha familia, mwandike muhtasari wenye majina na saini za waliohudhuria na jina la mliyempendekeza, mchukue cheti cha kifo, mwende Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Akishateuliwa, msimamizi ndiye atakayesimama katika shauri la shamba. Akumbuke pia kwamba anatakiwa kurudisha hesabu za mali mahakamani ndani ya miezi minne. Uteuzi haumfanyi mwenye mali.

Mkifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, maombi yaeleze eneo lenyewe waziwazi. Kiwanja kilichopimwa hutajwa kwa namba na kitalu. Shamba lisilopimwa hutajwa kwa kijiji, kitongoji, ukubwa, na majirani wa pande zote nne. Kuandika "shamba lililopo Mbozi" hakutoshi, maana hata ukishinda, dalali wa mahakama anayekuja kutekeleza hukumu hatajua asimamie wapi. Na msikae mkingoja: muda wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza.

Tafadhali usishawishike na anayekwambia ufungue kesi ya jinai ya kuingia ardhi ya mtu kwa kosa ili "umtie adabu". Pale ambapo umiliki wenyewe unabishaniwa, Mahakama Kuu imekwisha kusema mara nyingi kwamba umiliki uamuliwe kwanza.

SWALI: Kalavati la barabara ya mtaa wetu limebomoka tangu masika. Diwani anasema ni mkurugenzi, mkurugenzi anasema siyo yeye, mkuu wa wilaya alipita akasema atafuatilia. Mwenye kazi ni nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Barabara za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017, kwa hiyo mkurugenzi hakukudanganya. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji vijijini, tangu 2019, ni RUWASA. Wakala hizi zina mameneja wa wilaya wenye ofisi zao, na barua yako iende huko ikiwa na jina la barabara, mahali penyewe, picha na tarehe. Nakala mpe mtendaji wa kata.

Kuhusu vyeo, mstari unaotenganisha ni huu: nani amechaguliwa na nani ameteuliwa. Mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji na diwani wamechaguliwa na wananchi. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri wameteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya ni jicho la Serikali Kuu. Si bosi wa baraza la madiwani, ingawa wengi humwona hivyo. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza hilo. Diwani ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ni katibu wake, na hapo ndipo kalavati lako linapaswa kuingizwa kwenye muhtasari. Ahadi iliyotolewa mkutanoni bila kuandikwa haina wa kuifuatilia. Muhtasari unapanda hadi halmashauri.

SWALI: Nilimkopesha mfanyabiashara mwenzangu sokoni shilingi 4,200,000. Tuliandikishana kwa mjumbe. Miezi minane sasa ananikwepa. Polisi walimweka ndani siku moja wakamwachia, wakaniambia niende mahakamani. Nianzie wapi, na je, nitahitaji wakili? (Mama Lishe, Tunduma)

JIBU: Mama, deni peke yake si kosa la jinai. Polisi wanaingia pale tu mtu alipokulaghai tangu mwanzo ili utoe pesa, kwa mfano alikuonyesha mzigo ambao haukuwepo. Mtu aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa ni mdaiwa wa madai, na mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza madeni ya mikataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Nenda kwenye mahakama ya eneo anakoishi au mlikokopeshana. Kila kitu huendeshwa kwa Kiswahili, na watu wengi hujisimamia wenyewe bila wakili wakafanya vizuri.

Kabla ya kwenda, mwandikie barua ya madai. Mpe siku 14, eleza kiasi, tarehe mliyokopeshana na namna ya kulipa, na uhakikishe ameipokea mbele ya shahidi. Sheria haikulazimishi, lakini barua hiyo hufanya kazi kubwa: mara nyingi mdaiwa hujibu "nivumilie hadi mwisho wa mwezi", na jibu hilo ni kukiri deni. Usilifute kwenye simu.

Mahakamani utaeleza madai yako kwa karani, kwa mdomo au kwa maandishi. Yasome kabla ya kusaini. Makosa ya hapa huumiza sana: jina la mdaiwa lililoandikwa kwa lakabu ya sokoni, kiasi kisicholingana na hati ya mkopo, au kuchanganya deni lako na la dada yako. Lipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali, utunze risiti. Asiyekupa namba hiyo na kutaka pesa mkononi anakuibia.

Kisha mdaiwa hupelekewa wito. Hapa ndipo mashauri mengi hulala. Mpeleka wito hamjui mtu wako. Wewe unajua anafungua kibanda saa ngapi. Mwelekeze, au mtumie mwenyekiti wa mtaa kumtambulisha. Akishapokea wito na asifike, unaweza kuomba kuthibitisha madai yako akiwa hayupo. Lakini wewe ukikosa kufika siku ya kusikilizwa, shauri linaweza kufutwa, na kulirudisha kunahitaji maombi na sababu nzito.

Siku ya ushahidi lete hati halisi ya mkopo, siyo picha tu. Mlete mjumbe na kila aliyeshuhudia mkisaini. Kama ulituma kwa simu, chukua taarifa ya miamala kwa mtandao husika, yenye namba na majina. Shahidi aseme alichokiona kwa macho yake. Yule atakayesema "niliambiwa na Mama Lishe mwenyewe" hakuongezei kitu.

Ukishinda, kazi haijaisha, na tunasema hivi kwa uchungu kwa sababu tumeona watu wanafremu hukumu ukutani miaka na miaka. Mahakama haikukusanyii pesa yenyewe. Asipolipa, unarudi kuomba kukaza hukumu, yaani mahakama iitekeleze kwa nguvu. Katika maombi hayo wewe ndiye unayetaja mali ya mdaiwa: pikipiki namba fulani, friza iliyoko kibanda fulani, akaunti. Kwa hiyo anza kuchunguza mapema. Vitu kama nguo zake, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za ufundi anazojipatia riziki havikamatwi. Mahakama inaweza pia kuamuru alipe kwa awamu. Ikitokea hivyo, kila awamu ilipwe kwa njia inayoacha alama, na ukitoa risiti baki na nakala.

SWALI: Kwenye mkutano wa hadhara niliuliza zilikokwenda fedha za zahanati. Mkuu wa wilaya akaamuru niwekwe ndani saa 48. Je, sheria inamruhusu? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Sheria ya Tawala za Mikoa, Sura 97, ya mwaka 1997, inawapa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, lakini imeuzungushia uzio. Lazima mtu huyo awe ametenda mbele yake kosa linalostahili kukamatwa, au kiongozi ajue kwamba mtu huyo ametenda kosa la namna hiyo, au aamini kwamba anakaribia kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Sababu ziandikwe, na nakala yake ipelekwe kwa hakimu. Ndani ya saa 48 ufikishwe kwa hakimu. Zikipita, uachiwe, na usikamatwe tena kwa sababu ile ile. Kuutumia uwezo huu vibaya ni kosa la jinai la matumizi mabaya ya madaraka.

Saa 48 basi ni ukomo wa kushikiliwa. Siyo adhabu ya kutolewa jukwaani, na kuuliza mapato na matumizi ni haki ya mwananchi. Ndugu zako waende kituoni wakaulize vitu vitatu: kosa gani limeandikwa, saa ngapi uliingizwa, nani alitoa amri. Waandike majibu na namba ya jalada. Na wasitoe hata shilingi moja ya dhamana: dhamana ya polisi hailipiwi.

SWALI: Halmashauri imebomoa ukuta wangu kwa kudai uko kwenye hifadhi ya barabara, bila notisi. Nilifungua shauri Mahakama ya Wilaya, limeondolewa. Je, hakimu ameshinikizwa? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Hapana, hakimu hakuwa na njia. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura 5, halmashauri inahesabiwa kuwa Serikali, na halmashauri ya kijiji pia. Ukitaka kuishitaki kwa madai, kwanza unaipa notisi ya siku 90 inayoeleza msingi wa dai, na nakala unazipeleka kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha, unafungua shauri Mahakama Kuu ya eneo tukio lilipotokea, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimwacha, mwenendo wote ni batili. Haijalishi ukuta una thamani ya shilingi laki nane. Mlango ni Mahakama Kuu.

Tunaona utaratibu huu ni mzito mno kwa mtu wa kijijini anayegombana na serikali ya kijiji chake juu ya robo eka, na tungependa Bunge liutazame upya. Lakini ndio uliopo, na anayeukwepa anajiumiza mwenyewe. Habari njema ni kwamba shauri lako limeondolewa, halikutupiliwa mbali baada ya ushahidi, kwa hiyo unaweza kuanza upya kwa njia sahihi. Hesabu ya siku 90 ianze tarehe muhuri wa mapokezi ulipogongwa kwenye nakala yako, si tarehe uliyoandika barua. Ukiona wanakuja kubomoa na nyumba yenyewe wakati siku hazijatimia, Mahakama Kuu inaweza kuombwa zuio la muda, ambalo mawakili huliita zuio la Mareva. Hapo tafuta wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yake ni bure kwa asiye na uwezo.

SWALI: Kijijini kwetu kila kaya inadaiwa shilingi 20,000 za ujenzi wa darasa. Asiyetoa, mgambo wanachukua mbuzi. Ni halali? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Mchango unaoamuliwa na mwenyekiti na mgambo wake peke yao si halali. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, lakini njia yake ni ndefu: wananchi watoe maoni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha rasimu iende halmashauri ya wilaya ikubaliwe. Ombeni kuiona sheria ndogo yenyewe yenye kibali hicho. Kama ipo na mtu amekaidi, afikishwe mbele ya chombo chenye mamlaka ya kumsikiliza. Mbuzi hakamatwi kwa amri ya mdomo. Mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Kila anayetoa adai stakabadhi.

SWALI: Nilishindwa Mahakama ya Mwanzo tarehe 3 Machi. Nakala ya hukumu nimepewa mwisho wa Aprili. Nimekwenda kukata rufaa wamekataa, wanasema nimechelewa. Kosa ni lao, kwa nini niadhibiwe mimi? (Msomaji, Geita)

JIBU: Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30 tangu siku ya uamuzi. Kwako zilitimia tarehe 2 Aprili. Wengi hudhani siku huanza kuhesabiwa wanapopata nakala. Kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo, sheria haikulazimishi kuambatisha nakala ya hukumu, kwa hiyo kuingoja hakusimamishi saa. Ulitakiwa kuandika sababu zako kutokana na ulichosikia kikisomwa, uzipeleke Mahakama ya Wilaya ndani ya muda. Siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, siku ya kazi inayofuata huhesabiwa.

Mlango bado haujafungwa. Peleka Mahakama ya Wilaya maombi ya kuongezewa muda, yakiambatana na kiapo. Kiapo kieleze kila siku ya ucheleweshaji, siyo kwa jumla: tarehe uliyoandika barua ya kuomba nakala, tarehe ulizokwenda kuulizia, tarehe uliyoipokea, na ulifanya nini kati ya kuipokea na kufungua maombi. Siku tatu zisizo na maelezo zinaweza kukuangusha. Ugonjwa uambatane na karatasi za hospitali. Kuandika "sikujua sheria" hakujawahi kumsaidia mtu.

Ukishinda maombi na rufaa ikakuendea vibaya, hatua inayofuata ni Mahakama Kuu, tena ndani ya siku 30, na sababu za rufaa hiyo huwasilishwa kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo hupeleka jalada juu. Wapo waliopeleka moja kwa moja Mahakama Kuu wakapoteza wiki nzima. Kwa wasomaji wenye mashauri ya ardhi hesabu ni nyingine: kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na rufaa hufunguliwa Mahakama Kuu kwenyewe.

SWALI: Mume wangu ameondoka nyumbani miaka minne, sijui alipo. Mahakama ya Mwanzo wananitaka hati ya baraza la usuluhishi. Nitasuluhishwa na nani wakati mwenzangu hayupo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Dada, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kweli hati ya baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuomba talaka, na baraza hilo laweza kuwa la kata au la dini yenu lililotambuliwa. Lakini sheria hiyo hiyo imetaja wasiohitaji hati, na wewe ni mmojawapo: mwenye kudai kwamba ametelekezwa na hajui mwenzake aliko. Andika hivyo ndani ya madai yako ya talaka. Lete ushahidi wa kutafuta: barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha tangu lini haonekani, taarifa ya polisi kama ulitoa, na ndugu yake mmoja aliye tayari kusema naye hajui alipo. Karani akiendelea kukataa kuyapokea, omba kumwona hakimu mfawidhi wa mahakama hiyo ukiwa na madai yako yameshaandikwa.